Siku Nilipomtolea Ushahidi Bingwa

Mimi si mtu wa kusifia watu. Wanaonijua pale Chang'ombe, kwenye banda langu la kutengeneza baiskeli, watakwambia kwamba mteja akileta gurudumu lililopinda namuuliza kwanza amelipindaje, na akinijibu hovyo namrudishia. Mke wangu anasema nilizaliwa nimenuna. Kwa hiyo ninaposema nimewahi kumwona binadamu juu ya baiskeli mpaka nikakosa la kusema, naomba mniamini. Jina lake silitaji, mwenyewe hapendi.

Mara ya kwanza alikuja bandani akiwa mbeba mkaa. Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi, mwembamba, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini, na baiskeli nyeusi ile ya mizigo ambayo kila mtu anaijua, nzito kama kitanda cha chuma. Spoku tatu za nyuma zilikuwa zimekatika. Akaniamkia, "Shikamoo fundi," nikaitika, nikamuuliza ametoka wapi. Akataja kijiji kilicho mbele ya Chamwino, ndani kabisa, kwenye njia ya mchanga. Nikamuuliza ameondoka saa ngapi. Akasema kulipopambazuka. Nikatazama saa yangu, ilikuwa saa mbili na nusu haijafika, na magunia mawili ya mkaa alikuwa ameshayashusha kwa mama mmoja mtaa wa pili.

Nikamwambia, "Wewe, mimi ni mtu mzima, usinichezee akili." Hakubishana. Akakaa juu ya tairi bovu, akasubiri spoku zake, na ule utulivu wake ndio ulioniudhi kabisa.

Kesho yake nikaazima pikipiki ya shemeji yangu, nikaenda kumvizia Chamwino. Ndiyo, nilikwenda kumuumbua mtu, sina cha kuficha. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza alipotokea kwenye njia ya vumbi na magunia yake, akaingia lami. Nikamfuata kwa mbali. Nilipoangalia mshale wa mwendo nikadhani umekwama, nikaugonga kwa kidole. Mbele yetu walikuwepo vijana wawili wa klabu ya baiskeli wakifanya mazoezi, wamevaa nguo za kubana na miwani myeusi. Aliwapita. Wakainamisha vichwa kumfukuza, wakafukuza weee, wakachoka. Yeye wala hakujua kama anafukuzwa. Alikuwa amekaa wima kama mtu anayewahi ibada ya kwanza. Mimi kule nyuma mwili ulinisisimka, na sikuwa na wa kumwambia.

Sasa, kabla ya kuingia mjini kuna kilima kirefu. Pale akasimama. Mbele yake palikuwa na mzee mmoja mwenye mkaa aliyekwama katikati ya mlima, baiskeli inamrudisha nyuma. Kijana akaegesha ya kwake kwa ule mti wa panda ambao wabeba mkaa hutembea nao, akaenda kuweka mkono mgongoni kwa yule mzee, akamsukuma yeye na magunia yake mpaka juu kabisa. Kisha akashuka kwa miguu kufuata baiskeli yake. Hawakuambiana neno. Yule mzee hata asante hakusema.

Nilipomuuliza baadaye, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini watu wanazika. "Sisi wa mkaa, mlimani hatupitani," akasema. "Ukimkuta mwenzako amekwama, unamsukuma. Na hakuna kushukuru, maana zamu yako inakuja." Nikapiga hesabu kichwani. Maana yake ile saa mbili na nusu haijafika ilikuwa pamoja na kusukuma watu. Loh.

Nilikuwa na baiskeli ya mbio niliyoiunganisha mwenyewe kutoka kwenye vipande vya baiskeli nne. Nikampa. Mashindano ya kwanza alianguka kwenye kona, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akisimamisha baiskeli kwa soli ya kandambili, breki hakuziamini. Ya pili akaanguka tena, kona nyingine. Ya tatu alifika mwisho mapema mno hata wale wa kamati hawajamaliza kufunga utepe. Bwana mmoja mwenye filimbi akamfukuza barabarani, eti apishe njia, washindani wanakuja. Ikabidi mimi nishuke kwenye pikipiki kumwelezea yule bwana, na sikumwelezea kwa maneno ya kanisani.

Miaka mitatu haikupita, nchi nzima ikamjua. Alishinda huku, akashinda nchi jirani, halafu timu ya kulipwa ya nje ikamchukua. Nilikuwa namtazama kwenye simu, picha inakatikakatika, milima ya huko nje ina ukungu na nyasi za kijani, na katikati ya watu mia moja na kitu namwona mmoja aliyekaa wima kuliko wote. Wateja wakiniletea pancha nawaambia subirini. Walisubiri. Nani angenibishia?

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana akaota pembe. Alikuwa akifika mlimani anageuka kuwatazama wenzake wanavyohema, anacheka, ndipo anaondoka. Kocha alimtaka arudi nyuma ya kundi, kwenye gari la timu, kuchukua maji ya nahodha, naye akasema maji ameteka vya kutosha kwa mama yake. Msimu wa pili haukuisha wakamrudisha nyumbani. Hapa nyumbani napo akamrushia mwamuzi chupa, akafungiwa mwaka mzima. Kifungo kilipoisha, tukiwa mazoezini njia ya Mtera, aligonga ng'ombe aliyetoka kwenye migunga bila kuangalia kushoto wala kulia. Mfupa wa bega ukavunjika na baiskeli ikawa mbili. Mchungaji alikuja mbio, akamkagua ng'ombe kwanza, mguu mmoja mmoja, akaridhika, ndipo akamgeukia mtu. Bingwa wangu kalala kwenye changarawe, uso umepauka, anacheka. "Fundi," akaniambia, "hata ng'ombe amenishinda."

Baada ya hapo akaingia kwenye pombe. Karibu miaka miwili. Nilimfuata kilabuni nikamsema mbele za watu, nikamwita majina ambayo siwezi kuyarudia hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaagiza nyingine. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajiambia, nikarudi zangu kwenye pancha zangu. Niliumia, na kuumia kwangu mimi hutoka kama matusi.

Kisha asubuhi moja ya kiangazi akaja bandani anakokota baiskeli, mnyororo umeshika kutu mpaka haupindi. "Shikamoo fundi. Nibadilishie mnyororo." Sikumuuliza kitu. Niliubadilisha. Alikuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja.

Mwaka uliofuata ndio nilioujua vizuri zaidi kuliko miaka yangu mwenyewe. Kila Jumamosi alikwenda Mtera na kurudi, siku moja, peke yake. Anayeijua ile barabara na ule upepo wa mwezi wa nane unaokupiga ubavuni kuanzia asubuhi ataelewa. Mimi nilikuwa nyuma kwa pikipiki na nilichoka mimi niliyekalia injini. Akifika bwawani ananunua samaki wawili wa kukaanga, anakula akiwa amesimama, anafuta vidole kwenye nyasi, anageuza. Hakuwa akicheka na mtu tena. Kuna Jumamosi moja, wakati wa kurudi, upepo ulikuwa mkali hata bodaboda walikuwa wamesimama kando wamejikunyata. Akapita katikati yao akiwa amelalia upande mmoja, mwili umeinama baiskeli imeinama, kama ukuta wa tembe la zamani unaokataa kuanguka. Wale bodaboda waliacha mazungumzo yao. Mmoja hata alivua kofia yake ngumu. Na mimi, mzee mzima, nililia ndani ya miwani yangu ya vumbi, na nasema hivyo bila haya.

Ndipo habari ikaja. Timu moja ya nje ilikuwa inamtuma mtu wake kutazama mashindano yetu ya Dodoma, na angeondoka na mwendesha baiskeli mmoja tu: mshindi wa siku hiyo. Bingwa alikuwa na thelathini na mbili. Timu za kulipwa hazichukui mtu wa thelathini na tatu kutoka kwetu, hilo hata mteja wa pancha analijua. Ama ashinde siku ile, ama akatafute yale magunia yake alikoyaacha. Alikuwa na mke sasa na binti mdogo, na mke wake alikuwa ameshaniambia, "Baba, safari hii akikosa sijui nitamshikaje." Nami nikamwambia atulie, hatakosa.

Asubuhi ya mashindano walinipanga kwenye gari la msaada, pikapu moja ya wazi iliyobeba magurudumu ya kila timu. Fundi wa gari lile hana timu. Akitoboka huyu unampa, akitoboka yule unampa. Nilikubali mbele ya kamati nzima kwamba sitapendelea mtu, na nilikuwa namaanisha.

Walitoka mjini saa kumi na mbili, wakaelekea mashariki, wakaipita Chamwino, wakaenda mpaka walipogeuzia, wakaanza kurudi. Bingwa alikuwa ametulia katikati ya kundi muda wote, mpaka nikaanza kumtukana kimoyomoyo. Waliporudi Chamwino akaondoka. Hakunyanyuka hata kwenye kiti. Kundi lilinyooka nyuma yake kama uzi unaovutwa, ukakatika, na aliyebaki naye akawa mmoja tu, kijana wa mkoa mwingine, miaka ishirini au ishirini na moja, mkaidi. Wakakimbia wawili. Sisi wa pikapu tukawafuata. Pikipiki ya mwamuzi ilikuwa nyuma kidogo, imezuiwa na lori la mawe.

Tukafika kwenye kile kilima. Hapo ndipo mashindano yangeamuliwa, kila mtu alijua. Atakayetangulia juu atateremka mpaka mjini peke yake. Bingwa akamwacha yule kijana kwenye theluthi ya kwanza tu, hatua kumi, hatua ishirini. Nilikuwa nimesimama nimeshika vyuma vya pikapu, nasema sasa basi, sasa basi.

Yule kijana misuli ikakaza. Niliona mguu wa kulia umenyooka haukunji. Akaanza kuyumba, kushoto, kulia, baiskeli inataka kurudi nyuma. Na bingwa akageuka kutazama. Nikasema moyoni, cheka baba, cheka uende zako. Hakucheka. Akaacha kukanyaga. Akamngoja. Yule kijana alipomfikia, akanyoosha mkono wa kushoto, akauweka mgongoni kwake, chini kidogo ya mabega, akaanza kumsukuma.

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu na sijawahi kufaulu. Ni mlima, mtu ameshakimbia kwa saa nne, pumzi ni ya kuazima. Mkono mmoja kwenye usukani, mkono mmoja kwa mwenzake, miguu miwili inafanya kazi ya minne. Na walikuwa wanakwenda. Hawakupunguza hata kidogo, dereva wetu ilibidi aongeze mafuta. Mimi nilipiga kelele, "Mwache! Mwache wewe!" mpaka sauti ikanikauka. Hakusikia. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliye peke yake shambani. Hakuwa anafikiri, ninaapa, ule mkono ulikwenda wenyewe. Nilipigwa na butwaa na nilikuwa na hasira, vyote kwa wakati mmoja, na sijui mpaka leo kipi kilikuwa kikubwa. Pikipiki ya mwamuzi ilitokea nyuma yetu wakiwa wanakaribia kileleni. Kisha bingwa akauondoa mkono, akainama, akateremka. Alishinda kwa tofauti kubwa sana. Kijana akajikokota akawa wa pili.

Sheria ya kusukumana haina mjadala: aliyesukuma na aliyesukumwa wote wanafutwa. Lakini mwamuzi wa pikipiki alikuwa ameona kwa sekunde chache tu na alikuwa mbali, akasema hana hakika, pengine ni kugusana. Wakatuita hemani kwa waamuzi. Mwamuzi mkuu alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, mwenye sauti ya chini inayokufanya ukae vizuri. Yule kijana alikuwa amekaa pembeni, miguu yake ndani ya beseni la maji. Mgeni wa timu ya nje alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Fundi," yule mama akaniambia, "wewe ndiye uliyekuwa karibu kuliko wote, na wewe huna timu. Uliona nini?"

Nilimwona mke wa bingwa kule nje, katikati ya watu, amembeba binti mgongoni. Nikasema, "Mama, kijana alimshika mwenzake kiti cha baiskeli ili avutwe. Bingwa akamtoa kwa mkono. Basi."

Nilijua ninachofanya. Mwenye kushika kiti cha mwenzake ni mwizi wa mbio, hafutwi tu, anafungiwa msimu. Yule kijana akainua uso. "Mzee," akasema taratibu, "siyo hivyo." Nikamkaripia, "Nyamaza wewe." Akanyamaza, maana ndivyo alivyolelewa, mkubwa akikuambia nyamaza unanyamaza. Yule mama akaandika maneno yangu yote, neno kwa neno, kwa mwandiko wa ubaoni.

Ndipo bingwa akaitwa. Aliingia na chumvi ya jasho imekauka usoni, watu nje bado wanaimba jina lake. Mama akamuuliza kama ni kweli kijana alimshika kiti. Bingwa akanitazama mimi. Nikampa ishara kwa macho, sema ndiyo, sema ndiyo tumalize.

"Hapana mama," akasema. "Hakunishika. Mimi nilimsukuma. Alikwama mlimani."

"Unajua maana ya hayo unayosema?"

"Najua, mama."

Yule mgeni mlangoni akamuuliza mkalimani wake nini kimesemwa, akaambiwa, akatikisa kichwa, akatoka nje. Yule mama hakumtazama. Alikuwa anatazama karatasi yenye maneno yangu, na mimi nikaona kinachokuja. Shahidi wa uongo haruhusiwi tena kukaribia mashindano, si fundi, si nani. "Lakini fundi wetu hapa," akaanza, "ametuambia jambo jingine kabisa."

"Fundi hakuona vizuri, mama," bingwa akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima, kama anayemwombea mzazi wake kiti. "Jua lilikuwa linampiga machoni. Naomba asiandikwe vibaya."

Tulikuwa tumetoka mashariki tukielekea magharibi, saa nne asubuhi. Jua lilikuwa migongoni mwetu. Kila mtu mle hemani alilijua hilo. Yule mama alinitazama kwa muda ambao sikuwahi kutazamwa na mtu, kisha akapiga mstari juu ya maneno yangu, polepole, kwa rula, na chini yake akaandika namba mbili za waliofutwa.

Bingwa alikuwa ameshageuka anahangaika kufungua pini za namba yake mgongoni, vidole havifiki. Yule kijana akatoa miguu kwenye beseni, akaja kwa kuchechemea huku anadondosha maji, akasimama nyuma yake, akaanza kumfungulia pini moja moja. Kazi ile, miaka yote, nilikuwa naifanya mimi.